Nimepata intanshipu ya kampuni ya vitabu lakini yote ni onlaini, kuna cha kujifunza kweli?

BintiKisauni:

Assalam aleikum na hamjambo nyote. Naomba mawazo yenu manake hapa nyumbani kila mtu ana lake. Nimemaliza chuo mwaka huu, nimesomea Kiswahili na mawasiliano, na juzi nimepata jibu kutoka kampuni moja ya Nairobi inayochapisha vitabu vya watoto na vya kiada, wamenichukua kama intani miezi mitatu. Shida ni kuwa hakuna kwenda ofisini, kazi yote ntafanyia hapa hapa Kisauni, Mombasa, kwa laptopu yangu, faili zinakuja kwa imeli na mikutano ni ya Zoom. Posho ni ya bando na kidogo juu yake.

Mama hajapinga lakini naona hajatulia, yeye kazi aijua ni kutoka asubuhi ushavaa ukarudi jioni. Mjomba wangu naye yuko kampuni ya klering, ya kutoa mizigo bandarini, na ashasema ataniombea nafasi huko, tena hio italipa zaidi. Mie moyo wangu uko kwa vitabu tangu nko shule ya msingi, nataka kuwa mhariri na sina haja ya kuficha hilo. Ninachoogopa ni kumaliza miezi mitatu nimekaa chumbani najaza majedwali, bila mtu wa kunionyesha kazi yenyewe inafanywaje. Ukiwa ofisini angalau unachungulia mwenzio anafanya nini, sasa mimi ntachungulia wapi? Kama kuna mtu ashapitia intanshipu kama hii ya uchapishaji, aniambie alijifunza nini na alijifunzaje. Shukran.

Mswada_wa_Tudor:

Waleikum salaam dada. Hongera kwanza, hizo nafasi si nyingi. Mimi nlifanya ya aina hio hio nikiwa hapa Tudor na leo kazi yangu ni uhariri wa kujitegemea, kwa hivyo ntakwambia nnachokijua.

Majedwali utajaza, hilo usidanganywe na mtu. Kila kitabu kina karatasi yake ya maelezo: jina, mwandishi, mchoraji, umri wa msomaji, idadi ya kurasa, vipimo, bei, ISBN (ile namba ya utambulisho wa kitabu), na yale maneno machache ya kumvutia mnunuzi yanayokwenda jalada la nyuma. Utaona ni ukarani tu, lakini angalia, mwenye duka la vitabu hajakisoma kitabu na hatakisoma, yeye anachokiona ni hayo maelezo, na ukiandika umri wa miaka 10 badala ya 6 kitabu kitawekwa rafu nyingine na mwenye kukihitaji hatakiona. Ukishajaza majedwali ya vitabu kadhaa unaanza kuelewa mbona kitabu fulani kina kurasa 24 na si 27, na mbona cha darasa la chini kina mistari miwili tu kwa ukurasa. Uliza kila unapoona kitu kinajirudia, manake kinachojirudia kina sababu.

Sasa la kuchungulia, hapo ndio pana utamu na wengi hawalijui. Omba faili mbili za kila mswada, ile ilotoka kwa mwandishi na ile ilopita kwa mhariri na masahihisho yake yanaonekana pembeni. Ofisini ungemwona mhariri ameinama mbele ya kompyuta basi, hungeona alichobadilisha. Kwenye faili unaona kila koma alohamisha, kila sentensi alokata na ile aloiacha japo we ungeikata. Mimi nlikuwa nauchukua mswada mbichi, nahariri mwenyewe bila kuangalia wa mhariri, halafu naweka zote mbili kando kwa kando kwa skrini. Hakuna mwalimu anayeshinda hilo. Nligundua kuwa mhariri mzuri anagusa kidogo kuliko nlivodhani, ukurasa mzima anaweza kubadilisha mahali pawili tu, lakini pawili penyewe ndipo msomaji angejikwaa.

Na kitu kikubwa kabisa nlichotoka nacho ni kuandika swali kwa mwandishi. Ntakupa mfano. Kulikuwa na hadithi ya watoto wawili wa Bamburi wanakwenda kutafuta pweza, na mwandishi ni mtu wa bara. Ukurasa mmoja amesema usiku mwezi ulikuwa nusu, ukurasa unaofuata asubuhi maji yametoka mpaka watu wanatembea kwa miguu hadi mwambani. Nairobi wote walikuwa washaisoma na hakuna alosema kitu, na huwezi kuwalaumu. We wa hapa unajua maji hutoka vile siku za bamvua, yale maji makubwa, mwezi mwandamo ama mpevu, mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, bahari haiendi mbali. Sasa swali likaandikwa hivi, nalikumbuka manake ndilo la kwanza langu kupelekwa kwa mwandishi bila kubadilishwa:

"Uk. 11 mwezi umetajwa kuwa nusu, na uk. 12 maji yametoka hadi mwambani. Huku pwani maji hutoka hivyo siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo. Je, tuufanye mwezi wa uk. 11 kuwa mpevu, ama watoto wabaki ufuoni? Mchoro wa uk. 11 unaonyesha mwezi, kwa hivyo mchoraji naye atahitaji kujulishwa."

Ona vile hakuna mahali pameandikwa umekosea. Kuna ukurasa, kuna kinachosomeka, kuna sababu, kuna njia mbili za kutoka, na kuna yule mwingine anayeguswa na mabadiliko. Mwandishi alijibu siku hio hio akachagua mwezi mpevu na akashukuru. Kazi ya uhariri karibu yote iko hapo, na hio huifanyi kwa mdomo hata ukikaa ofisini, unaifanya kwa kuandika. Ndio maana mie nasema intanshipu ya mbali, kwa kazi hii yetu hasa, si hasara. Bosi hakuoni umekaa vipi wala umefika saa ngapi, anachokiona ni maandishi yako tu, na maandishi ndio kazi.

Baharia_wa_Likoni:

Mie ntasema tofauti samahani. Mjomba ashakushika mkono chukua ya bandarini, vitabu utasoma jioni. Mtoto wa dadangu alikaa na hizo intanshipu za onlaini mbili mfululizo, posho ya bando, mwisho wake akaambiwa asante. Nyumba inaendeshwa na pesa, na mama yake BintiKisauni ana haki ya kuwa na wasiwasi.

Fundi_Presi:

Mimi niko upande ule mwengine, wa kupiga chapa, presi yetu iko Majengo na tunafanya vitabu vidogo, majarida ya shule, kalenda na kadhalika. Nakubaliana na Mswada_wa_Tudor kwa mengi lakini kuna kitu kimoja skrini haitakufundisha, nacho ni kitabu chenyewe kama kitu cha kushika. Naona maintani wengi wa siku hizi wanajua kuhariri lakini hawajawahi kuona karatasi ikikunjwa.

Karatasi kubwa ikikunjwa inatoa kurasa 8 ama 16, na kitabu cha kupigwa pini katikati lazima kurasa zake zigawike kwa 4, hakuna ujanja. Kwa hivyo jibu la ile 24 na si 27 alotaja ndugu hapo juu ndio hilo. Mwandishi akiongeza aya moja mwishoni ikamwagikia ukurasa wa 25, si ukurasa mmoja umeongeza, ni minne, na mitatu kati yake mitupu, na gharama yake inazidishwa mara nakala elfu kadhaa. Mhariri anayelijua hilo anakata sentensi mbili mapema na anaokoa pesa ya kampuni, asolijua analeta faili presi halafu tunapigiana simu usiku.

La pili rangi. Skrini yako inatengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na buluu. Sisi tunatumia wino wa rangi nne, samawati, majenta, manjano na nyeusi. Ile buluu kali ya bahari uloipenda kwa laptopu, ikija kwa karatasi inapoa. Mkimtumia mwandishi picha ya jalada kwa WhatsApp mwambieni kabisa kuwa hii ni ya skrini. Na maandishi meusi yawe meusi ya wino mmoja, manake mtu akiyatengeneza kwa rangi zote nne, pleti, yale mabati ya kuchapia, zikisogea hata kidogo herufi zinapata kivuli chekundu ama cha buluu pembeni na mtoto anayejifunza kusoma anaumia macho. Picha ziwe nukta 300 kwa inchi, na mchoro unaofika ukingoni upite ukingo kwa milimita 3 ili kisu kikikata kisiache mstari mweupe.

La tatu hili ni la Kiswahili chetu na linaniuma sana kila nikiliona. Programu za kupanga kurasa zinakata maneno mwisho wa mstari kwa kanuni za Kiingereza kama hakuna aloibadilisha. Unakuta "kit-abu", "mwan-afunzi". Silabi zetu kwa kawaida zinaishia kwa irabu, mtoto amefundishwa ki-ta-bu darasani, halafu kitabu kile kile cha kumfundisha kinamkatia kit-abu! Na ile alama ya ng' ya ng'ombe na ng'ambo, kompyuta inaigeuza mara nyengine imelala kushoto mara kulia mara imesimama, kwa macho huoni lakini ukitafuta neno kwa faili nzima hulipati kote, unasahihisha nusu na nusu inabaki. Intani akiweza kukamata hayo mawili tu kabla faili haijafika kwetu, mie nampa heshima yake.

BintiKisauni, omba mwenye presi yoyote hapa mjini akuache usimame siku moja utazame. Intanshipu ni ya Nairobi lakini wino uko hata Mombasa.

Msomi_Mkimya:

Kabla ya yote dada hakikisha kampuni ni ya kweli. Wakikuomba ada ya usajili ama ada ya mafunzo kimbia, intani halipi ili afanye kazi. Tafuta vitabu vyao dukani, uone jina la kampuni kwenye ukurasa wa haki za uchapishaji, na ISBN. Za Kenya zinaanza na 978-9966 ama 978-9914, na hutolewa na maktaba ya taifa, KNLS. Kuna njia ya kujua kama namba imeandikwa sawa: zidisha tarakimu 12 za mwanzo kwa 1 na 3 kwa kupokezana, jumlisha, halafu ile ya 13 ndio inayofikisha jumla kwenye kumi kamili. Itakusaidia hata kazini ukijaza hayo majedwali, namba moja ikikosewa hesabu inakataa.

Na la stima, jipange. Nyaya za intaneti za chini ya bahari zimetua hapa hapa Mombasa, SEACOM na TEAMS tangu 2009, lakini ukikaa mtaani unajua vile mvua ikinyesha tu kila kitu kinazima. Chaji laptopu kila stima ikiwepo, faili za kazi za kesho zishushe leo, weka bando ya akiba kwa simu. Mimi nafanyia kazi watu wa London na hao wana balaa lao jengine, saa zao zinahama. Mkutano wao wa saa nne asubuhi kwetu ni saa saba mchana, wakishasogeza saa mwisho wa Machi unakuwa saa sita, mwisho wa Oktoba unarudi saa saba. Wa Nairobi angalau saa yenu moja.

BiMhariri:

Nimesoma yote na nimeona niseme kitu kwa sababu mimi ndiye niko upande wa kuwapokea maintani. Nimekuwa mhariri wa vitabu vya shule na vya watoto kwa miaka mingi, na tangu wakati wa korona nimelea maintani kadhaa ambao sijawahi kuwaona ana kwa ana.

Mwanangu BintiKisauni, nianze na Baharia kwa sababu hajasema uongo. Kazi za uchapishaji ni chache na mishahara si mikubwa, na mambo yamekazana. Vitabu vilipoanza kutozwa kodi ya VAT mwaka 2013 bei ilipanda, leo kodi hio ni asilimia 16. Tangu 2018 serikali ilipoanza kununua vitabu vya kiada na kuvipeleka shuleni yenyewe, maduka mengi ya vitabu yaliumia, na kampuni ambayo kitabu chake hakikuchaguliwa inabaki na hasara ya miaka ya kazi. Juu yake kuna wezi wanaotoa nakala bandia. Nakuambia haya ili uingie ukijua, na ukimweleza mama umweleze ukweli. Ila jambo jengine la kumweleza mama ni hili: karibu kampuni zote kubwa za vitabu za Kenya, Longhorn, East African Educational Publishers, Moran, Kenya Literature Bureau, Jomo Kenyatta Foundation, makao yao ni Nairobi. Zamani kijana wa Mombasa akitaka kujifunza kazi hii lazima apande basi, atafute chumba, alipe kodi kwa posho isiyotosha hata nauli, kwa hivyo waliokuwa wakiingia ni wale wenye jamaa Nairobi. Nimeona vijana wazuri wa Lamu na Kwale wakikosa kwa sababu hio tu. Sasa unakaa kwenu, unakula kwenu, na unajifunza. Mie hilo nalipigania kila mwaka ofisini kwetu, na nalipigania kwa moyo wote, maana vitabu vya watoto wa nchi nzima vikihaririwa na watu wa mji mmoja, ndio yanatokea yale ya mwezi nusu na maji kutoka hadi mwambani.

Lakini Mswada_wa_Tudor nakupinga kidogo mwanangu. Umesema kazi yote ni maandishi. Si yote. Kuna vikao ambavyo kitabu kinakubaliwa ama kinakataliwa, na pale watu wanazungumza, mtu wa mauzo anasema shule hazitakinunua, mhariri anatetea, mwenye hesabu anauliza kurasa ngapi za rangi, na uamuzi unatoka katikati ya mabishano. Ofisini intani anayapata hayo hata akipita na chai. Ukiwa mbali hupati, na mwisho unapata barua tu ya kumwambia mwandishi samahani. Ukiandika barua ile bila kujua kilichozungumzwa utaandika maneno makavu ya kunakili. Kwa hivyo omba, tena omba wiki ya kwanza, uruhusiwe kuingia kikao cha miswada kwa Zoom, umezima kipaza sauti, usikilize tu. Wengi wetu tutakubali, hatukukaribishi kwa sababu tumesahau uko, si kwa sababu hatutaki. Ukishasikia kitabu kizuri kikikataliwa kwa sababu ya karatasi ghali, utajua kumwandikia mwandishi kwa heshima na kumwambia kweli.

Na miswada yenyewe, ile inayoletwa na watu wasiotujua, utapewa uisome utoe ripoti. Nakuomba sana uisome kama ambavyo ungetaka chako kisomwe. Mtu ameandika usiku baada ya kazi, pengine kwa simu, amehesabu senti za kwenda saiba kuchapa. Ripoti nzuri inaanza kwa kusema kitabu kinataka kufanya nini, kabla ya kusema kimeshindwa wapi. Intani akinipa ripoti ya nusu ukurasa inayoniambia hadithi ni ya nani, nani atainunua, sura gani inalegea na kwa nini, huyo namjua ni mhariri, hata kama Kiingereza chake ama Kiswahili chake bado kinahitaji kupigwa msasa. Akiniandikia "nimeipenda sana, inafunza maadili", sijui kitu.

Jengine, kimya. Kwa mbali kimya chako nakisoma vibaya. Ukikwama asubuhi usingoje jioni, niandikie nimekwama hapa, nimejaribu hivi, nadhani ni hivi, niendelee ama ningoje? Swali la namna hio nalijibu kwa neno moja nikiwa kwenye matatu. Lakini ukiniandikia "Madam nina shida" peke yake, lazima nikuulize shida gani, ujibu, niulize tena, siku imekwisha. Usiku kabla hujafunga laptopu niandikie mistari mitatu, nimefika ukurasa huu, nimeacha maswali haya, kesho naanza hapa. Sikuombi ili nikuchunge. Ukiugua kesho mwengine ataishika kazi pale ulipoiacha.

Mwisho faili za watu ni amana. Mswada ambao haujatoka usimtumie rafiki, usiweke kipande chake kwa stetasi, hata kama umependa mpaka machozi.

BintiKisauni:

Shikamoo Bi Mhariri, na shukran nyinyi nyote, nimesoma huku naandika kwa daftari. Baharia nimekusikia pia, nimezungumza na mjomba, amesema nafasi yake hata ikingoja miezi mitatu haitaharibika, kwa hivyo ntaanza na ya vitabu inshallah. Mama nimemsomea ile sehemu ya Nairobi na kodi ya nyumba, akasema basi afadhali nko hapa.

Nina maswali mawili. Wamenitumia mswada mmoja wa majaribio nao una bibi wa Mji wa Kale anaongea Kimvita kabisa, lahaja yetu ya Mombasa, anamwita mjukuu wake "ndoo hapa mwanangu" yaani njoo hapa, anasema "ndia" kwa njia na "mato" kwa macho. Msimulizi anatumia sanifu. Je, maneno ya bibi niyasahihishe? Mkononi yanawasha lakini moyoni sitaki. Na la pili, Fundi_Presi ni kweli naweza kuja kuona presi?

Mswada_wa_Tudor:

La bibi, usimguse kabla hujauliza. Kwanza tazama karatasi ya mtindo ya kampuni, yaani kanuni zao za kuandika, kama hawana omba wakwambie kwa imeli ibaki kwa maandishi. Kawaida usimulizi unafuata sanifu hasa kitabu kikiwa kinapelekwa KICD, taasisi ya mitaala, kuidhinishwa, lakini mazungumzo ya mhusika ni sauti yake. Bibi wa Mji wa Kale akisema "njoo hapa" kama mtangazaji wa habari si yule bibi tena. Ujue pia si lugha mbovu ile, mwaka 1928 walipokaa kuchagua lahaja ya kusanifishwa walikaa hapa hapa Mombasa wakachagua Kiunguja, Kimvita kilikuwa na mashairi yake zamani mno kabla ya kikao hicho.

Ila fikiria na mtoto wa Kakamega, akisoma "ndoo hapa" ataona ndoo ya maji. Kwa hivyo andika swali: bibi abaki na Kimvita chake, lakini mara ya kwanza msimulizi asaidie, mfano mjukuu aonekane akikimbia kwenda kwa bibi, maana ikajulikana bila kuwekwa maelezo chini ya ukurasa. Na hakikisha maneno yake yawe sawasawa, asiseme "ndia" ukurasa wa 3 halafu "njia" ukurasa wa 9. Weka orodha ya maneno yake yote na kurasa zake, umpelekee mhariri pamoja na swali.

BiMhariri:

Marahaba mwanangu. Hapo Mswada_wa_Tudor hana la kuongezewa, fanya hivyo hivyo. Orodha hio ya maneno ya bibi mpelekee na mchoraji nakala yake, na kama kwenye mchoro bibi amevaa leso angalia ina pindo na jina, yale maneno ya leso. Mara nyingi wachoraji wa bara hutuletea kitambaa cha maua tu.

Fundi_Presi:

Karibu sana dada. Njoo wiki ijayo Jumanne asubuhi, kuna kitabu cha hadithi cha kurasa 32 tunaanza kukipiga, utaona karatasi tangu inaingia mpaka inakunjwa na kukatwa. Uje na hio laptopu, tufungue faili yenyewe tuangalie maneno yamekatwa vipi kabla pleti hazijatengenezwa. Ntakutumia ujumbe wa faragha nikuelekeze njia.